Ngwe ya Mlangoni

Nekesa, na wenzako mliobaki ofisini, mmeniomba mara tatu niandike, na mara zote tatu nimejibu kwamba nitaandika nikipata nafasi. Sasa nafasi ninayo mpaka inanikera. Mke wangu anasema nimeanza kupima ua wa nyumba kwa futikamba, na kwamba kama sina la kufanya nikae mezani niandike hayo mliyoyataka. Basi nimekaa.

Vyeo sitavitaja, maana viko kwenye faili na vinalala salama. Nitaandika habari za mji wetu wa kale, za watu walionifunza kuutunza, na za kosa nililolifanya mwaka wangu wa pili kazini. Wengi wenu mmelisikia kosa hilo kwa watu. Kwangu hamjalisikia, na nadhani mnastahili kulisikia kwangu.

Nilianza kazi nikitoka kwetu Iyolwa, kijana wa Kijopadhola mwenye cheti kipya, viatu vipya na baiskeli ya kuazima. Ofisi yetu ya mambo ya kale mjini Tororo ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala la mbegu. Karani alinikabidhi kufuli kubwa. Nikamwuliza ufunguo uko wapi, akasema ulipotea kabla yeye hajaajiriwa. Nikauliza kufuli lenyewe linafungia nini. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake, akasema, "Mji."

Kesho yake niliendesha baiskeli mpaka Lunyo, ulipo mji wenyewe, jirani na Kenya, na kufuli langu mfukoni. Mlinzi mkuu wa mji alikuwa Mzee Etyang, Mteso wa Mella, mfupi, mkavu, mwenye kofia ambayo hakuivua hata akisali. Aliniamkia kwa "Yoga," akapokea kufuli, akalitundika kwenye msumari ukutani kando ya makufuli mengine mawili ya namna hiyohiyo. "Kila mtu mupya naletanga moja," akasema. "Weka baiskeli pale. Mbuzi nakula kiti ya baiskeli, angalia."

Wageni wakisikia mji wa kale hutazamia mawe na minara. Wakifika Lukoba, kwa maana hilo ndilo jina wenyeji wanaloupa mji wenye ukuta, huona nyasi na udongo, na wengine huuliza kama bado ni mbali. Mji wenyewe umezungukwa na ukuta wa udongo unaompita mtu kimo, na nje ya ukuta kuna handaki. Lango ni moja, upande wa mashariki, lenye mashavu mawili ya udongo uliokandikwa, moja kila upande. Ndani kuna misingi ya nyumba, mashimo ya kuwekea nafaka, na matanuri ambamo Wasamia wa zamani waliyeyusha chuma. Takataka za kuyeyushia, yale mabonge meusi mazito tunayoyaita mavi ya chuma, yametapakaa kila mahali. Majembe yaliyofuliwa hapo yalivuka mto Sio kwenda kuuzwa, enzi ambazo mto ulikuwa mto tu na haujafanywa mpaka wa mtu. Wataalamu hubishana kuhusu umri wa mji. Mkaa wa tanurini ulipelekwa ng'ambo kupimwa, jibu likarudi kwamba watu walikaa pale miaka mia kadhaa kabla ya mzungu wa kwanza kufika na rula yake. Mtu akiuita kijiji mbele yangu mimi humsahihisha. Akiuita zizi, huwa simpi chai.

Mzee Etyang alinifundisha kazi kwa maneno machache. Siku ya kwanza alichukua kalamu yangu ya wino, akaitazama, akairudisha. "Hii peleka kanisani, andika nayo mchango. Hapa mvua nanyesha. Wino nakimbia, penseli nakaa." Alinionyesha kushika mwiko kwa kuukwaruza udongo kidogokidogo badala ya kuuchimba, na kuchekecha udongo huku nikisikiliza chekecheke, kwa kuwa kigae kina mlio wake na jiwe lina wake. Na kila asubuhi kwa muda wa mwezi mzima aliniambia neno moja, mpaka nikawa nalisikia usingizini: "Kwanza andika mahali. Nyuma ndio andika kitu." Kitu kikishatolewa ardhini, alisema, hakuna mtu atakayejua kilikuwa kimekaa wapi isipokuwa daftari lako. Nilimwona mzee anayejirudia. Vijana mna haki ya kutuona hivyo, lakini sikilizeni hata hivyo.

Mwaka ule wa kwanza niliona pia kitu ambacho chuoni hawakukifundisha. Majuma mawili kabla ya mvua za Machi, watu walikuja Lukoba na majembe, wengine wakitoka Lunyo yenyewe, wengine wakivuka kutoka upande wa Kenya, maana ukoo ni mmoja hata kama vitambulisho ni viwili. Walishuka handakini, kila nyumba mahali pake, wakazoa udongo na majani ya mwaka mzima na kuyapandisha juu ukutani. Nyuma yao wanawake wakakandika ukuta kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na samadi ya ng'ombe. Kiongozi wa wanawake hao alikuwa Mama Nabwire, wakati huo mwanamke wa makamo, mwenye sauti iliyofika upande wa pili wa mji bila yeye kuinuka.

Alinieleza kwamba kila nyumba ina ngwe yake handakini, kipande chake cha kusafisha, tangu mji ulipojengwa, na kwamba mtu hagusi ngwe ya mwenzake. Kuisafisha ngwe ya mtu ni kumtangazia kwamba nyumba yake imekwisha. Penye lango palikuwa na bibi kizee, Bibi Ajambo, aliyevuka mpaka peke yake na jembe lililolika mpaka likabaki kama kijiko. Hakuwa na mume wala mtoto tena. Alifanya ngwe yake ya mlangoni siku nzima, akakataa kusaidiwa, akamaliza wa mwisho. Niliandika idadi ya watu waliokuja, nikaandika saa walizofanya kazi. Jinsi kila mmoja alivyojua ngwe yake inaanzia wapi na kuishia wapi sikuuliza.

Mwaka wa pili tukaambiwa mkaguzi anakuja kutoka makao makuu. Mzee Etyang alikuwa Mella kwenye msiba wa ndugu yake, akakaa huko majuma matatu. Mimi nikaona hiyo ndiyo nafasi yangu ya kuonyesha bidii. Nilizunguka mji mzima nikaona kwamba juu ya ukingo wa handaki kuna mabonge makubwa ya mavi ya chuma, mazuri, mazima, yamezama nusu ardhini, yananyeshewa na kukanyagwa na mbuzi. Niliyang'oa yote. Nikayaosha kwa maji ya kisima, nikayaandika namba kwa rangi nyeupe, nikapima uzito wa kila moja, nikayapanga ndani ya masanduku yenye majani makavu. Mkaguzi alipokuja aliyasifu sana masanduku yale. Nililala siku ile nimejaa fahari, na leo nikikumbuka usingizi ule naona aibu.

Mzee Etyang aliporudi nilimpeleka moja kwa moja stoo. Aliinua bonge moja, akaligeuza, akaomba daftari. Akasoma kurasa zote polepole.

"Uzito umeandika," akasema.

"Ndiyo, mzee. Na rangi, na urefu."

"Mahali?"

Sikuwa nimeandika mahali. Nilikuwa nimeandika mwanzoni mwa ukurasa wa kwanza, "ukingo wa handaki," basi. Alifunga daftari, akalirudisha mkononi mwangu, akatoka nje. Afadhali angenigombeza.

Siku ya kusafisha handaki ilipofika watu walikuja kama kawaida yao. Walipanda ukutani na majembe begani, wakatembea wakiangalia chini. Walifika mwisho wakageuka, wakatembea tena, safari hii polepole zaidi. Mimi nilikuwa langoni na penseli, nikingoja kuwahesabu. Mama Nabwire akanijia.

"Mawe iko wapi?"

"Mawe gani, mama?"

"Ile nyeusi ya mipaka. Moja hapa, nyumba ya Wandera naisha. Ingine pale, nyumba ya Ouma naanza. Iko wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Mabonge yale yalikuwa yamewekwa na watu, moja kati ya ngwe na ngwe, na kwa jinsi yalivyozama yalikuwa yamekaa hapo kwa vizazi ambavyo hakuna aliyevihesabu. Nilikuwa nimeung'oa mji wote vigingi vyake nikauweka ndani ya masanduku. Ningesema kweli papo hapo, mengi yangepona. Nilikuwa kijana, watu wote wananitazama, nikasema ni amri ya makao makuu.

"Hao wakubwa, nao wako na ngwe hapa?"

"Hapana, mama."

"Sasa nachukua mawe ya nini?"

Baadhi ya wazee walishuka wakalima katikati ya pale walipodhani ni kwao, lakini walikaa mbali na kingo wasije wakaingia kwa jirani. Wengine hawakushuka kabisa. Bibi Ajambo alisimama penye lango mpaka jua likawa kali. Alijua ngwe yake ni ya mlangoni lakini hakujua tena mwisho wake, na mtu wa umri wake hakutaka kumkosea jirani kwa kuigusa ngwe yake. Aliweka jembe lake begani akarudi kwao bila kulitia udongo.

Sasa nitawaeleza jambo la kiufundi, na mlishike. Kwa kuwa watu waliacha kingo, palibaki kituta cha udongo kati ya kila ngwe na nyingine. Maji ya mvua ambayo siku zote yaliteremka handakini hadi kinamasi yakanaswa, kila ngwe ikawa beseni. Ukuta wa udongo haufi kwa mvua inayoupiga juu, kama umekandikwa vizuri. Hufa kwa maji yanayosimama miguuni pake. Mwaka uliofuata hali ikawa ileile, na ngwe ya mlangoni haikuguswa hata kidogo. Katika mvua ya mwaka huo shavu la kushoto la lango lilianguka. Nilifika asubuhi nikalikuta limelala njiani, udongo uliokandikwa na mikono ya watu kwa miaka mia kadhaa, umekuwa tope. Nilikaa chini nikalia, na sioni sababu ya kuwaficha.

Nilimfuata Mzee Etyang, alikuwa anatengeneza chekecheke kwa waya. Nikamwambia kila kitu, pamoja na uongo wa makao makuu. Aliendelea kusokota waya mpaka mwisho.

"Mimi naniambia ya nini?" akasema. "Mawe si yangu. Enda ambia wenyewe."

Jumapili baada ya ibada walikusanyika mbele ya lango lililoanguka. Alikuwapo pia Mama Taaka, Msamia wa upande wa Kenya, ambaye nyumba yao ilikuwa na ngwe ya pili kutoka langoni. Nilisimama mbele yao nikasema ni mimi niliyeng'oa mawe, kwa mikono yangu, na kwamba hakuna mkubwa yeyote aliyeniagiza. Kisha Mama Nabwire akasema, "Sisi tulijua. Makao makuu hapana fanya kazi haraka namna hiyo."

Watu wakacheka, nami nikathubutu kuinua macho. Nikamwuliza Mama Taaka kama Bibi Ajambo naye atakuja, nimwombe msamaha.

"Tulimzika mwezi wa kumi na moja," akasema. "Alikuwa akiniuliza kila nikienda kumwona: hayo mawe yamerudishwa? Namwambia bado, nyanya. Anasema basi nitangoja."

Nimefanya makosa mengine katika kazi hii, na mengi nimeyatengeneza. Hilo halikutengenezeka, na kwa miaka yote iliyofuata nilikuwa nikipita langoni namwona na jembe lake begani.

Kurudisha mawe ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizopata kufanya, na ndiyo ninayojivunia zaidi. Wanaume walikumbuka kila mmoja ngwe yake, lakini mipaka walibishania. Mama Nabwire akawanyamazisha. Zamani, alisema, wanaume walipokuwa handakini ni wanawake waliopita juu ya ukuta na vyungu vya uji wa wimbi, na kila bibi harusi alifundishwa na mama mkwe wake atembee hatua ngapi na atue wapi, uji wa nyumba gani utangulie na wa nyumba gani ufuate. "Wanaume najua kulima," akasema. "Mahali, sisi ndio najua."

Tukapanga siku. Mama Taaka alivuka mpakani Busia na chungu kitupu na jembe. Afisa akamwuliza jembe linakwenda wapi, akajibu anakwenda kulima kwa babu. Akaulizwa babu anaishi wapi. "Alikufa kabla huu mpaka wenu haujafika," akasema, na afisa, ambaye pengine naye alikuwa na babu, akamwacha apite.

Mama Nabwire alianza kusini, Mama Taaka kaskazini, kila mmoja na chungu kichwani. Niliwashauri waviache, maana ni vitupu. Mama Nabwire akasema bila chungu miguu haikumbuki. Wakatembea. Walipofika mahali walisimama, wakainama kana kwamba wanatua uji, wakasema jina la nyumba. Mimi nilikuwa nyuma na toroli lenye mabonge, nikipiga kigingi, nikipima kwa futikamba, nikiandika kwa penseli, mahali kwanza. Palipotokea kutoelewana waliketi juu ya ukuta wakasemezana Kisamia mpaka mmoja akacheka, nami nikajua wamepata. Mara nyingi kigingi kiliangukia penye shimo dogo lenye udongo laini, lile tundu ambalo bonge lilitoka. Kila nilipoliona nilipumua. Ilituchukua siku nne.

Mwisho likabaki bonge moja torolini, namba kumi na saba, la kuonyesha mwisho wa ngwe ya mlangoni. Nilikwisha chimba mahali pake. Mama Nabwire akalitoa mikononi mwangu, akalipangusa, akanirudishia.

"Hii weka ofisi. Ngwe ya Ajambo haina mtu sasa."

"Nitaisafisha mimi," nikasema. "Lango halitajengeka kama handaki la chini yake halijasafishwa."

"Wewe ni nani, wa kutangaza Ajambo amekwisha?"

Basi lilikaa mezani kwangu, katika ofisi tuliyojengewa baadaye karibu na lango, mmeliona nyote, likikandamiza karatasi. Na lango likakaa na shavu moja. Lile lililobaki nililiegemeza kwa nguzo za mkaratusi, nikazibadilisha kila mchwa walipozimaliza, miaka yote ya utumishi wangu. Niliwahi kuleta vibarua wa mjini. Walipoambiwa ni ngwe ya nani waliweka majembe chini wakaondoka, tena kwa adabu, wakaniaga vizuri.

Mambo mengine nitayapitia upesi. Kulikuwa na bwana aliyeanza kukata ukuta upande wa magharibi afyatue matofali, kwa kuwa udongo wenyewe umeshakandwa na mababu, kazi nusu. Sikumwita polisi. Nilimwita shangazi yake, ambaye ngwe ile ni ya nyumba yao. Matofali yalikuwa hayajachomwa bado, na yule bwana aliyaloweka yote akayarudisha ukutani kwa mikono yake, shangazi akiwa amekaa juu ya ndoo anamwangalia. Akaja mkaguzi mwingine, mwenye viatu vya ngozi, akasimama katikati ya mji akaniuliza mji uko wapi. Nilimpandisha ukutani siku ya kusafisha handaki, akaona watu wa nchi mbili wameshuka chini, kila nyumba kati ya mawe yake mawili, hakuna anayesimamia, hakuna anayeuliza. Akavua viatu, akaomba ashuke. Mama Nabwire akamkatalia, hana ngwe. Lakini aliandika ripoti nzuri, na Lukoba ikaingia kwenye orodha ya mahali panapolindwa na sheria. Mimi nasema sheria ilifika baadaye.

Mzee Etyang alistaafu, akaniachia mwiko wake, umelika pembe moja kwa namna ya mkono wake. Tulimzika Mella na kofia yake. Nekesa, mwiko huo ndio niliouweka mezani kwako. Usiunoe.

Sasa siku ya mwisho. Mliandaa soda na keki, mkaandaa na hotuba, nawashukuru, ijapokuwa aliyesema kwamba sikuwahi kukasirika hakuwahi kufanya kazi nami. Mlipomaliza nilidhani tumemaliza. Mama Nabwire, ambaye sasa hatembei bila kushikwa, akanyoosha fimbo kuelekea mezani kwangu. "Lete hiyo jiwe," akasema. Mliona nikilibeba. Hamkujua kwa nini natembea polepole, mkadhani ni uzee, na mmoja wenu akataka kunipokea.

Penye lango walikuwa wamesimama watu wa nyumba zote, na binti wa Mama Taaka alikuwa amevuka asubuhi akiwa na kitu kilichofungwa kwenye kanga.

"Sisi tulikaa tukaongea," Mama Nabwire akasema. "Ngwe ya mlangoni tunakupa."

Nikamwambia mimi si wa ukoo. Mimi ni Mjopadhola wa Iyolwa, na wao wanajua hivyo tangu siku ya baiskeli.

"Najua. Wewe ndio uliangusha hii lango, si ndio? Na ndio umeishikilia na miti mpaka leo."

"Mbona hamkunipa zamani, mama? Nimengoja miaka yote hii."

"Mtu ya serikali hapana pewa ngwe. Kesho nahamishwa, ngwe nabaki na nani? Sisi tulingoja umalize. Sasa hakuna mtu anaweza kukuhamisha."

"Na Bibi Ajambo?"

Binti wa Mama Taaka akafungua kanga. Ndani mlikuwa na jembe, limelika mpaka limebaki kama kijiko, limetiwa mpini mpya. "Mama aliniachia nilitunze," akasema. "Alisema nyanya hakumaliza, kwa hivyo hii nyumba haijaisha. Inaendelea na wewe."

Nilipiga magoti ukingoni nikachimba tundu kwa mwiko wa Mzee Etyang, nikaweka bonge namba kumi na saba, rangi yangu nyeupe ikiwa upande wa chini. Kisha nikashuka handakini na suti yangu ya kuagwa. Tope la miaka yote hiyo lilikuwa zito, nikalipandisha jembe kwa jembe, na watu wote wakakaa juu wakinitazama bila hata mmoja kunisaidia. Sijapata kuheshimiwa namna ile maishani mwangu. Nilimaliza wa mwisho, jua limeshuka, kama alivyokuwa akimaliza yeye.

Shavu la kushoto tutaanza kulikandika mvua zikipita. Mama Nabwire amekwisha chagua kichuguu.

Nekesa, najua utakuwa na daftari langoni Machi ijayo, unaandika wanaoingia. Jina langu lisiwe kwenye orodha ya wageni, wala ya wastaafu. Liandike pamoja na wenye ngwe. Na uanze na mahali.